Jumba la Cheshire, Kasri la Njoro: Mwenye Nyumba ni Mmoja

Kila mwaka kati ya Machi na Mei, mitandao hujaa video za majumba ya mashambani ya Uingereza. Unazijua. Jumba kubwa la mawe, nyasi kama zulia, maua ya kila rangi, piano inalia taratibu, na dada mmoja kwa gauni refu anatembea kama hana deni duniani. Chini yake komenti ni zile zile: "haya ndiyo maisha."

Sina ubaya na urembo. Kitu kizuri ni kizuri. Lakini kuna swali ambalo mathe yeyote mtaani huuliza akiona jirani amejenga ghorofa ghafla, na sisi hatuliulizi tukiangalia hizo video: pesa ilitoka wapi?

Leo nawatembeza kwa jumba moja tu, Tatton Park. Liko Cheshire, karibu na mji mdogo wa Knutsford, kusini mwa Manchester. Nimelichagua kwa sababu mwenye jumba hilo wa mwisho alijenga lingine, na hilo lingine liko Njoro, kando ya Nakuru. Inawezekana ulishalitembelea na shule, mkiwa mmebeba chapati na soda kwa begi. Ulipelekwa, ukapigwa picha kwenye ngazi, ukasimuliwa kisa cha mwanamke aliyekataa kuolewa, ukarudi nyumbani. Kile kisa tutakifikia. Kwanza twende Cheshire.

Mbona wanashangilia maua hivi?

Sisi tuna mvua za masika na mvua za vuli, na jua liko tu. Ni vigumu kuelewa kwa nini mtu alie machozi kwa sababu ya ua. Lakini kule Cheshire, mwezi wa Desemba, saa kumi jioni giza linaingia. Miti imekuwa mifupa. Majumba mengi hufungiwa wageni miezi ya baridi. Halafu Machi ikifika siku zinaanza kurefuka, dafodili za manjano zinatoka ardhini, na ifikapo mwisho wa Mei jua linatua baada ya saa tatu usiku. Hayo ndiyo majira ya kuchipua. Ni kama nchi nzima imeachiliwa kutoka seli. Kwa hivyo milango ya majumba inafunguliwa, watu wanabeba watoto na sandwichi, wanaenda kuangalia bustani.

Tatton ina bustani ya ekari 50 na mbuga ya ekari 1,000 ambamo kulungu wanatembea kama ng'ombe wa jirani. Jumba lenyewe ni la mawe, limenyooka, na lina nguzo kubwa upande unaotazama mbuga. Walianza kulijenga mwishoni mwa karne ya 18, mchoraji akiwa Samuel Wyatt, na mpwa wake Lewis Wyatt akalimalizia karne ya 19. Chini ya jumba kuna bustani ya mtindo wa Kiitalia, vitanda vya maua vimepangwa kwa rula. Mbele kidogo kuna nyumba ya kioo iliyojaa kangaga warefu kama miti. Hiyo inahusishwa na Joseph Paxton, yule yule aliyechora lile jumba la kioo la maonyesho makubwa ya London ya 1851. Kisha kuna bustani ya Kijapani, na maji, na daraja dogo, na hekalu. Mwezi wa Mei rododendroni na azalea zinalipuka, waridi, nyekundu, nyeupe, zambarau. Hata kwa picha tu unakubali: hapa walijua kazi.

Sasa iangalie tena hiyo bustani, lakini polepole. Rododendroni nyingi asili yake ni milima ya Himalaya. Azalea nyingi zilitoka Japani na Uchina. Kangaga wale ni wa New Zealand na Australia. Bustani ya Kijapani ilijengwa baada ya maonyesho makubwa ya Uingereza na Japani yaliyofanyika London mwaka wa 1910. Yaani kile watu huita bustani ya Kiingereza ya kitamaduni ni ramani ya mahali ambapo meli za Uingereza zilifika. Mtu aliyekuwa ameketi sebuleni Cheshire angeweza kutoka nje, atembee robo saa, apite Himalaya, apite New Zealand, afike Japani, arudi kabla chai haijapoa.

Hata ile mbuga inayoonekana ya asili si ya asili. Mwaka wa 1791 Humphry Repton, mmoja wa wapangaji mandhari waliokuwa na jina kubwa zaidi wakati huo, aliwaandalia kitabu chenye michoro ya jinsi ya kuipamba: panda miti hapa, fungua mwonekano pale, ukitazama dirishani uone nchi nzima ni yako. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kupanga mandhari ili mali ya mtu ionekane kama mapenzi ya Mungu.

Na kuna jambo ambalo lilinigonga sana. Ndani ya mbuga hiyo kulikuwa na kijiji. Kijiji cha Tatton, cha tangu enzi za kati, chenye watu, nyumba na mashamba. Kilikwisha kidogo kidogo, na mwishowe ardhi yake yote ikawa sehemu ya mbuga. Alama zake bado zimo kwenye nyasi: mabonde madogo pale palipokuwa na njia, vituta pale palipokuwa na nyumba. Mgeni anakanyaga juu akipiga picha ya kulungu.

Kwa hivyo mwonekano mpana bila mtu hata mmoja ni kitu kilichotengenezwa. Shika hilo wazo. Tutalihitaji tukifika Njoro.

Pesa ya lando

Familia ya Egerton ilipata Tatton mwaka wa 1598, enzi ya Thomas Egerton, wakili aliyepanda hadi kuwa ofisa mkubwa wa sheria wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ilikaa mikononi mwao zaidi ya miaka 350. Mali ya familia kama hizi kwa kawaida ilitegemea kitu ambacho kila mtu wa Kayole, Bamburi au Kondele anakijua: kodi. Mwenye ardhi ana mashamba, wapangaji wanalima, mwisho wa msimu wanaleta hela. Lando ni lando hata akivaa koti la dhahabu.

Kule Tatton kuna ukumbi mkubwa unaoitwa Ukumbi wa Wapangaji. Ukisikia jina unafikiri ni mahali pa wapangaji kukaa na kulalamika kuhusu maji. Ulijengwa na Maurice Egerton, Lord Egerton wa nne, na kuta zake zimejaa vichwa vya wanyama aliowinda kwenye safari zake, Afrika ikiwemo. Mpangaji alikuwa anaalikwa, anaketi, anakula huku macho ya swala yanamtazama.

Familia nyingi za aina hii zilianza kuyumba karne ya 20. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanza kutoza ushuru mkubwa kwa mali ya marehemu, bei za mazao zilishuka, vita mbili zikachukua warithi na watumishi. Majumba zaidi ya 1,000 yalibomolewa. Mengine yalikabidhiwa shirika la National Trust, lililoanzishwa 1895, ili yatunzwe na umma uingie. Ndiyo maana leo unaona watu wa kawaida kwenye hizo bustani. Watu hao wasingeweza kupita getini miaka 150 iliyopita isipokuwa kwa mlango wa jikoni.

Mwaka wa 2020 National Trust yenyewe ilitoa ripoti ikionyesha kwamba 93 ya mahali inapotunza pana uhusiano na ukoloni au utumwa. Kulitokea kelele kubwa. Kuna waliosema historia inachafuliwa, watu waachwe waangalie maua kwa amani. Mimi nasema kinyume. Mtu akikuonyesha risiti hajachafua nyumba. Amekueleza tu ilinunuliwa aje.

Maurice anakuja Njoro

Maurice Egerton alizaliwa 1874. Hakuwa mtu wa kukaa ndani. Alipenda mashine: gari lake la Benz la mwaka wa 1900 bado liko Tatton, na mwaka wa 1910 alikuwa mmoja wa Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya urubani. Mwaka wa 1920 baba yake alifariki, akarithi Tatton na cheo. Hakuoa, hakupata mtoto. Na miaka ya 1920 akaanza maisha mengine huku kwetu, kwenye maelfu ya ekari Bonde la Ufa.

Sasa, hapa ndipo wengi wetu husimuliwa kama vile Njoro ilikuwa tupu, msee akaja akaona nyasi, akasema "nitajenga hapa." Hapana bana. Njoro haikuwa tupu. Ilitolewa watu.

Hebu tuhesabu miaka. Mwaka wa 1902 sheria ya ardhi ya kikoloni iliruhusu walowezi kupewa ardhi kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba uliowaondoa maeneo ya Naivasha na Nakuru, wengine wakasukumwa Laikipia, wengine kusini. Wakaambiwa huko watakaa milele. Milele ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pia. Walienda kortini 1913 wakashindwa. Waogiek nao, ambao makao yao yalikuwa misitu ya Mau, hawakuhesabiwa kuwa wenye ardhi hata kidogo. Mwaka wa 1915 sheria mpya ikapandisha mkataba wa mlowezi kutoka miaka 99 hadi miaka 999. Soma tena. Miaka 999. Mtu aliyepewa mkataba huo 1915 ulikuwa umwishie mwaka wa 2914.

Halafu ikaja 1919. Vita ya kwanza ya dunia imeisha, na serikali inagawa mashamba kwa wanajeshi wa Kizungu kama shukrani. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo kwa mgongo, Carrier Corps, wakafa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, hawakupewa ardhi. Walibaki na jina: Kariokor. Ukishuka matatu hapo kununua kiondo ama kula nyama, jua umesimama juu ya jina lao.

Na shamba haliendeshwi na mkataba peke yake. Linataka mikono. Sheria ya 1918 ilisema maskwota wanaokaa kwenye shamba la mlowezi wamfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kisha kikaja kipande: kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipaswa kubeba karatasi zenye alama za vidole na rekodi ya kazi, nyingi zikiwa ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Ukitoka shambani bila ruhusa, unasakwa.

Hiyo ndiyo Njoro ambayo Lord Egerton aliikuta. Sikuambii kwamba yeye ndiye aliandika hizo sheria. Nakuambia zilikuwa zimeshaandikwa na zilimfaa.

Kile kisa cha mapenzi

Kasri lilianza kujengwa 1938, likasimama kidogo kwa sababu ya vita ya pili ya dunia, likamalizika 1954. Lina vyumba zaidi ya 50 na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Vifaa vingi viliagizwa kutoka ng'ambo. Ukilitazama kutoka kwenye nyasi, unaona Cheshire imepotea njia ikatokea Bonde la Ufa.

Kisa unachosimuliwa ni hiki. Lord alimpenda mwanamke wa tabaka la juu. Akamleta kwa nyumba yake ndogo, mwanamke akacheka, akasema hii ni kama banda la kuku. Lord akajenga kasri. Mwanamke akaja, akakataa tena. Lord akavunjika moyo, akachukia wanawake wote, akawapiga marufuku kwenye ardhi yake pamoja na mbwa na kuku.

Ni kisa kitamu, kinauzika. Mimi mwenyewe ninayetafuta riziki kwa kontenti naelewa: heartbreak inapata vyuzi kuliko sheria ya ardhi. Na huenda kina ukweli ndani yake. Lakini angalia kile kisa kinafanya. Kinamfanya mwenye ardhi kuwa ndiye aliyeumia. Unatoka pale unamwonea huruma. Unasema "maskini Lord." Wakati huo huo fundi aliyechonga jiwe hana jina. Kibarua aliyebeba maji hana jina. Mama aliyefukuzwa asikanyage pale ni kichekesho cha kumalizia hadithi. Na Wamaasai hawamo kabisa. Ni Repton tena: mandhari imepangwa vizuri mpaka huoni kijiji kilichokuwa chini ya nyasi.

Tazama pia huo mwaka wa kumaliza, 1954. Kenya iko kwenye hali ya hatari. Aprili mwaka huo Operesheni Anvil inapita Nairobi na makumi ya maelfu ya watu wanazuiliwa. Kabla ya hapo, familia nyingi za maskwota Wakikuyu zilikuwa zimeng'olewa mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa maeneo ambayo wengi wao hawakuwa na hata shamba. Wakati huo huo, Njoro, kinanda kinawekwa sawa. Hiyo ndiyo historia ya hilo kasri. Mapenzi ni sura moja tu, tena fupi.

Na shule je?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini alitupa chuo." Ni kweli kuna chuo, na tukiongea kuhusu huyu mtu lazima tuongee kuhusu chuo. Mwaka wa 1939 Egerton alitoa ekari 740 kuanzishwe shule ya kilimo. Baadaye ziliongezwa ekari 1,100. Shule ikawa koleji ya kilimo, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Maelfu ya wakulima, maafisa wa kilimo na walimu wa nchi hii wamepita hapo. Kasri lenyewe liko mikononi mwa chuo. Hilo ni jambo kubwa na sitalipunguza.

Lakini tuweke sentensi nzima mezani, si nusu. Ile shule ya 1939 ilianzishwa kufundisha vijana wa Kizungu kilimo, ili waje kuendesha mashamba ya walowezi. Ilikuja kufunguliwa kwa Waafrika baadaye, dola ya mkoloni ilipokuwa inaelekea ukingoni. Zawadi iliyotufikia sisi haikuwa ndiyo iliyokusudiwa mwanzoni. Ilibadilika kwa sababu watu walipigania nchi ibadilike. Na ekari za kutoa zawadi zilipatikana kwa sababu kuna mtu mwingine alihamishwa 1904. Unaweza kushukuru kwa chuo na bado ujue hayo. Mtu mzima anaweza kubeba mambo mawili kwa mkono mmoja.

Egerton alifariki Januari 1958 akiwa Kenya. Tatton, jumba la familia la tangu 1598, likaenda kwa National Trust kwa sababu hakukuwa na mrithi. Kwa hivyo nyumba zote mbili za mtu huyu, ya Cheshire na ya Njoro, leo zinatembelewa na watu ambao yeye asingewakaribisha chai. Kule, watoto wa Manchester wanakimbia kwenye nyasi za Lord. Huku, mahali ambapo inasemekana wanawake walikatazwa kukanyaga, mabibi harusi wanapiga picha kila wikendi. Hiyo napenda sana. Hakuna hotuba ya kisiasa inayoshinda shangazi watano wenye vitenge wakipiga vigelegele kwenye ngazi za Lord Egerton.

Basi tuende tukaangalie nini?

Sisemi tusiende. Nendeni. Ukipata bahati ya viza na ukajikuta Uingereza mwezi wa Mei, nenda kaangalie rododendroni za Tatton, ni za kupendeza. Kama huna viza, kama wengi wetu, panda gari hadi Nakuru, shika matatu ya Njoro. Oktoba jakaranda zikichanua Nairobi, piga picha pia, na ukumbuke hata hiyo jakaranda ililetwa kutoka Amerika Kusini. Sisi pia tunaishi ndani ya bustani ya mtu.

Ila ukifika kwenye jumba lolote la aina hii, uliza mambo manne. Ardhi ilikuwa ya nani kabla? Nani alijenga kwa mikono? Pesa ilitoka kwa kodi ya nani, ama jasho la nani? Na tangu mwenyewe afe, nani anafaidika? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Anayekutembeza akijua jibu, utatoka umejifunza zaidi ya kisa cha banda la kuku. Akikosa jibu, swali lako litamfanya alitafute kabla ya kundi linalofuata.

Na kuna maktaba nyingine ambayo haitozi kiingilio. Kama guka, cucu au kogo wako alikulia kwenye mashamba ya masetla, Njoro, Molo, Subukia, Kitale, mkalishe chini wikendi hii, washa simu, mrekodi. Muulize walikuwa wanaamka saa ngapi, walilipwa nini, kipande kilikuwa kinafanana vipi, nani alihamishwa na akaenda wapi. Wazee waliokiona kipande kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka. Lord Egerton ameachiwa vyumba zaidi ya 50 vya kumkumbuka. Hao wetu wana sisi tu, na simu yenye nafasi ya kurekodi. Futa zile video za maua kama imejaa.